Pitisha Mkono Nyuma ya Redio

Katelembo, Machakos
23 Februari 1996

Mwaitu Mwelu,

Barua yako nimeisoma mimi mwenyewe, mara mbili, bila kusomewa na mtu. Yule mwalimu wa ngumbaru alisema sitawahi kumaliza ukurasa mmoja. Mwambieni aje aone kalamu. Sisi wazima hapa. Ng'ombe ya madoa imezaa ndume. Mvua hakuna. Hayo yamekwisha, sasa tuingie kwa kazi.

Unasema ile ndege nyeupe mnayokodi kwa klabu ya Kipungu, ile mimi nilikalia kiti yake siku ya Jumamosi tarehe tatu, redio yake inakatika. Inakwaruza kama mtu anapasua gunia, halafu fyuzi inaungua, halafu unabaki huko juu kama bubu, watu wa chini wanakuita na wewe husikii. Unasema tarehe kumi na nne mwezi wa tatu utapanda na mkaguzi ndio upewe leseni ya kubeba watu, na redio ikikufia mbele yake, anakurudisha chini na umeanguka. Ndege ingine ya kukodi hakuna.

Kwa nini ulingoja wiki mbili kuuliza baba yako?

Mimi nimefunga waya za malori Mlolongo miaka ishirini na sita. Lori ikizima taa pale kwa mizani, watu hawakuwa wanaita fundi, walikuwa wanaita Nzuki. Alikuja Mzungu mmoja na mashine ya kupima, ile ya mshale, akapima tangu asubuhi mpaka saa nane. Mimi nikaja na balbu yangu ya waya mbili. Nikagusa hapa, nikagusa pale, nikamwambia, ni hii. Akavua kofia yake akanipa. Kuku wa mama yako wanatagia ndani yake mpaka leo.

Ndege ni lori iliyokataa kukaa chini, basi. Betri ni ile, dainamo ni ile, fyuzi ni ile. Na ugonjwa wako mimi naujua. Umesema asubuhi redio ni nzima, jua likipanda inaharibika. Hiyo ni joto. Ni katauti, kile kisanduku kinachoambia dainamo sasa peleka umeme mwingi, sasa punguza. Kikipata joto kinarukwa na akili, kinasukuma umeme mpaka fyuzi inashindwa. Badilisha katauti, maneno yaishe.

Mpe huyo fundi wenu Abdulatif hii barua asome. Ndio maana naandika Kiswahili, asiseme namsengenya na Kikamba. Ni mtu wa ndevu na ana adabu, watu wao nawajua hapo Machakos mjini. Lakini siku ile nilimpa ugoro wangu akakataa. Mtu akikataa ugoro ya mzee, mimi simwamini na waya.

Ni mimi baba yako,
Nzuki

Mama yako Wanza ananisumbua na ule mnyororo wa shaba wa kikopo changu cha ugoro, ule wa marehemu baba yangu, eti uko wapi. Nimemwambia umekatika. Akikuandikia habari ya mnyororo usimjibu, ni maneno ya wanawake.


Nairobi
28 Februari 1996

Baba mpendwa,

Nimefurahi mko wazima, na ndume naye apate jina zuri. Barua yako nilimpa Abdulatif. Aliisoma yote, pamoja na pale pa ugoro, akacheka, akasema, "Mzee ana hoja, tuangalie." Akafungua ile katauti akaipima ikiwa baridi, kisha akaipasha moto akaipima tena. Nzima, Baba. Akaweka nyingine mpya hata hivyo, kwa heshima yako. Jumatatu nikaruka saa sita, redio ikakatika vilevile.

Sasa nakueleza vizuri zaidi, kwa sababu mara ya kwanza niliandika haraka. Ndege ikisimama bandani, hata injini ikiwaka, hata jua likiwa kali namna gani, redio haina neno. Nikiruka alfajiri hewa ikiwa imetulia, haina neno pia. Shida ni pale ninapokimbia kwenye njia ili niruke, na saa za mchana hewa inapoanza kuturusharusha juu ya vilima vya Lukenya. Kila tikiso, mkwaruzo. Tikiso kubwa, fyuzi. Na Jumatatu kulikuwa na jambo jipya: nilisikia harufu ya mpira unaoungua. Ilikuja kidogo ikapotea. Abdulatif ametoa redio yenyewe nje, akaipima juu ya meza, ni nzima. Amefuata nyaya kwa mbele kwa tochi. Hajaona kitu.

Kuna daftari la ndege ambalo kila rubani huandika ubovu aliouona. Nimelisoma kurudi nyuma. Mwaka mzima uliopita hakuna aliyelalamikia redio. Wa kwanza kuandika ni mimi, Jumapili tarehe nne Februari. Yaani kesho yake baada ya wewe kuja kututembelea. Labda ulituachia mkosi, Baba! Natania.

Mwenye klabu, Bi. Katunge, amesema redio isipopona kufikia tarehe kumi na moja, atafuta mtihani wangu, na mkaguzi harudi hadi Juni. Nimekodi ndege Jumatano tarehe sita, saa tano, niijaribu tena nikiwa peke yangu. Nikisikia ile harufu nitashuka haraka. Usiwe na wasiwasi.

Binti yako,
Mwelu


Katelembo
5 Machi 1996, saa moja asubuhi

Mwaitu,

Hii barua haiji kwa posta. Inaletwa na Munyao, kondakta wa basi ya asubuhi, na nimemwambia asile, asiketi, asisalimie mtu, mpaka aiweke kwa mkono wako.

Usipande hiyo ndege siku ya Jumatano. Usipande hata asubuhi hewa ikiwa imelala. Usiiwashe. Mwambie Abdulatif atoe waya wa betri.

Mimi nilisema ni joto. Si joto. Kitu ikiwa nzima ikisimama na mbaya ikitikiswa, hakuna joto hapo, hapo kuna kitu kinabembea. Kinabembea, kinagusa, kinarudi. Hata mtoto wa gereji anajua hiyo. Sijui kwa nini sikuona.

Abdulatif apige magoti, asitumie tochi kwa mbele. Apitishe mkono chini ya dashibodi upande wa kushoto, aende juu mpaka nyuma ya redio, pale waya nyingi zimefungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Apapase polepole. Chochote atashika ambacho si waya, akitoe.

Usiniulize nimejua namna gani. Fundi wa kweli anaona na pua, hata akiwa Katelembo.

Nzuki


Nairobi
6 Machi 1996

Kwa Mzee Nzuki,

Assalam aleikum, na shikamoo mzee wangu. Ni mimi Abdulatif, fundi wa ndege katika klabu ya Kipungu. Nakuandikia mwenyewe kwa sababu Mwelu amesema hana la kuandika kwa sasa.

Barua yako ilifika jana saa nne, kondakta akihema kama aliyefukuzwa. Nilitoa waya wa betri kama ulivyoamuru, nikapiga magoti, nikapitisha mkono. Mzee, mahali ulipotaja ndipo penyewe. Nimetoa mnyororo wa shaba, mwembamba, wa kusukwa kwa mkono, urefu wa shubiri moja. Ulikuwa umetundikwa kwenye kifungu cha nyaya nyuma ya redio, mwisho wake ukining'inia karibu na msumari wa umeme wa redio, nafasi ya ukucha tu. Ndege ikitikisika unabembea, unagusa msumari na bati la ndege kwa pamoja. Pete zake tatu za mwisho zimeungua nyeusi, na mpira wa nyaya mbili umeyeyuka. Kwa siku chache zaidi ungekuwa moto, na moto huo ungewaka chini ya magoti ya binti yako. Alhamdulillahi.

Nyaya nimebadilisha zote mbili. Redio sasa inasema vizuri. Lakini nina tatizo jingine. Bi. Katunge ameuona mnyororo, akasema kitu kile hakikuingia pale kwa miguu yake. Anasema kuna mtu aliyetaka kuua. Na mwenye kupiga magoti chini ya ile dashibodi ni mimi peke yangu. Nimeambiwa nisiguse ndege yoyote hadi ijulikane, na ndege yenyewe haitoki bandani hadi ijulikane. Mtihani ni Alhamisi ijayo.

Mwelu alipouona mnyororo aliushika mkononi muda mrefu. Kisha akaurudisha mezani, akatoka nje.

Mzee wangu, mimi nina miaka kumi na nne katika kazi hii na sikuupata. Wewe uko Katelembo na ukaupata. Nakuuliza kwa adabu: ulijuaje?

Wako,
Abdulatif


Katelembo
8 Machi 1996

Kwa Abdulatif, na umsomee Bi. Katunge, usome kwa sauti,

Ule mnyororo ni wangu. Nimeuweka mimi.

Nimeandika hayo maneno kwanza ndio nisipate njia ya kurudi nyuma. Karatasi tatu nimechoma kwa jiko, kila moja ilikuwa inaanza na habari ya Mlolongo.

Sikiliza sasa. Baba yangu alisuka ule mnyororo na waya wa shaba akiwa kijana, na akaufunga kwa kikopo chake cha ugoro. Wakamchukua vita ya Burma. Watu wa hapa kwetu walikwenda naye, wengine wakabaki huko. Yeye alirudi na vidole vyote kumi na kikopo chake na mnyororo wake. Alipokufa nikaachiwa. Mambo yangu yote nimepita nao mfukoni.

Siku ile nilikuja kuona ndege. Mwelu alikuwa ameniandikia miezi mingi habari ya ndege, na mimi nilikuwa naambia watu wa soko mtoto wangu anaendesha ndege, naringa sana. Lakini nilikuwa sijaiona. Nilipofika nikagonga bati yake na kidole. Wewe Bi. Katunge umewahi kugonga bati ya hiyo ndege? Sufuria ya mama Mwelu ni nzito kuishinda. Nilicheka, nikasema maneno makubwa, nikasema hata mimi ningeirusha. Lakini nilirudi nikagonga ile bati mara ya pili. Mwelu ana jina la mama yangu, namwita Mwaitu, yaani mama yangu. Mtu atapeleka mama yake huko juu ndani ya sufuria?

Basi Mwelu akaenda ofisini kutia sahihi kwa kitabu. Wewe Abdulatif ukaenda kuswali. Nikabaki kwa kiti peke yangu. Nikatoa mnyororo kwa kikopo, nikautemea mate kidogo vile wazee wetu wanabariki safari, nikapitisha mkono nyuma ya redio mahali hakuna mtu ataona, nikautundika. Nikasema, wewe ulirudisha baba kutoka Burma, mrudishe na huyu kila siku. Halafu nikashuka nikaanza tena kuringa.

Mimi, Nzuki, nilikuwa nafukuza mtu kwa kazi akija na pete ya shaba kwa kidole. Mimi nilikuwa nasema shaba na waya ya umeme hawalali kitanda kimoja. Halafu nikaenda nikawalaza kitanda kimoja mimi mwenyewe, chini ya magoti ya mtoto wangu. Ile siku haukuwa mkono wa fundi. Ulikuwa mkono wa mtu anaogopa.

Barua ya Mwelu ilipofika, ile ya kusema ubovu ulianza tarehe nne, nilikaa chini kando ya boma ya ng'ombe mpaka jua likaingia. Usiku sikulala. Asubuhi nikapeleka Munyao. Lakini hata hiyo barua nilificha, nikasema najua na pua. Nilitaka mpate mnyororo na mimi nibaki fundi.

Kwa hivyo Bi. Katunge, hakuna muuaji. Huyu fundi wako hana makosa hata ya sindano. Mrudishie kazi yake leo. Kama unataka mtu wa kuweka ndani, mimi niko Katelembo, ukishuka kwa stendi uliza kwa Nzuki, hata mbwa wataonyesha. Lakini usimnyime Mwelu mtihani yake. Yeye hakujua.

Na wewe Abdulatif. Nilikuwa na kinyongo juu ya ugoro. Nimeongea na Halima mwenye duka hapa, ameniambia siku ile ilikuwa Ramadhani na mchana huwezi kuweka kitu kwa mdomo wala kwa pua. Akanicheka mpaka akafunga duka. Mimi nilikuwa nasema huna mkono wa waya, na wewe ulikuwa umefunga, na njaa, na bado ulinishika mkono nisigonge kichwa kwa bawa. Nisamehe.

Ni mimi,
Nzuki wa Katelembo


Nairobi
15 Machi 1996

Baba,

Nimepita.

Naandika hilo kwanza, kama ulivyofundisha wewe. Nimepita, leseni nitaichukua wiki ijayo, na jana saa nne na robo ile ndege iliyopita juu ya boma letu ikitikisa mabawa ilikuwa mimi. Mkaguzi aliniuliza, "Unafanya nini?" Nikamwambia namsalimia fundi wangu. Akaniangalia. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, na nilidhani ameniangusha hapohapo. Baadaye nikaisoma: aliandika, "Mawasiliano mazuri."

Abdulatif aliisoma barua yako ofisini, kwa sauti, kama ulivyotaka. Alipofika pale pa sufuria, Bi. Katunge alisimama akaenda dirishani akatugeuzia mgongo. Tulidhani amekasirika. Alipogeuka alikuwa anajifuta macho, na hadi leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Akasema, "Na baba yangu mimi alificha biblia chini ya kiti cha gari langu la kwanza." Akamwomba Abdulatif msamaha mbele yetu sote. Kisha akaamuru tangazo libandikwe mlangoni mwa banda, na limebandikwa: WAZAZI WABARIKIE NJE YA NDEGE.

Sasa na mimi nikwambie nililoficha. Mnyororo ule niliujua Abdulatif alipoutoa tu. Mama husema niliota meno nikiutafuna. Ningeweza kusema palepale, ni wa baba yangu, mwacheni Abdulatif. Nilitoka nje nikalia nyuma ya mapipa ya mafuta, kwanza kwa hasira, maana nilikuwa nimeinusa ile harufu nikiwa futi elfu sita na sikuwa na mtu wa kumwita. Halafu hasira ikaisha. Nikasema nitangoja siku tatu. Asiposema mwenyewe, nitasema mimi, na sitamwandikia tena habari za umeme maisha yangu yote. Siku ya tatu barua yako ikafika.

Abdulatif ameusafisha mnyororo. Zile pete tatu nyeusi hakuzikata. Ameuvalisha mpira wa waya mwanzo hadi mwisho, ameupima kwa balbu ya nyaya mbili kama yako, na balbu haikuwaka. Anasema sasa hauwezi kumuuma mtu. Niurudishe kwa Munyao?

Mwelu wako


Katelembo
18 Machi 1996

Mwaitu Mwelu, rubani,

Nimeandika hilo neno rubani mara nne kwa karatasi ingine ndio lije safi hapa.

Alhamisi nilijua ni siku ya mtihani, nikawa nje natazama juu tangu saa mbili. Mama yako alikuwa anasema ni mapema, yeye mwenyewe alikuwa ametoka tangu saa moja. Nilikusikia kabla sijakuona. Nilifunga macho nikasikiliza injini. Silinda zote nne zilikuwa zinakula sawa, hakuna inayokohoa. Ulipotikisa mabawa mama yako alirusha kanga yake juu, ikashika kwa mti wa mwiba, mpaka sasa iko huko, anakataa nisiitoe. Mimi sikurusha kitu. Niliketi chini kwa mawe. Redio yako sikuisikia, lakini nilijua inaongea. Mzigo niliobeba tangu ile barua yako ya ubovu wa tarehe nne, ulishuka hapo. Nilikula ugali ya watu watatu nikalala saa saba mchana kama mtoto.

Mama yako nimemwambia yote ya mnyororo. Aliniongeza chai. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno, chai ikanishinda.

Watu wa soko wameanza kuniuliza, Nzuki, ni kweli ulitengeneza ndege kutoka hapa Katelembo, kwa barua tu? Nawaambia ni kweli. Na si uwongo, Mwaitu, mkono niliusema mimi uende wapi. Wakiuliza iliharibika namna gani, nawaambia hiyo ni habari refu, nunueni chai kwanza. Na wakinunua nasema ukweli wote, na wanacheka, na wanajua.

Mwambie Abdulatif hiyo kazi ya mpira ni kazi safi, hata mimi ningefanya hivyo. Aje hapa, sasa Ramadhani imeisha, nimchinjie mbuzi, yeye mwenyewe ashike kisu. Ugoro kama hataki, sitauliza.

Mnyororo usirudishe kwa Munyao. Kaa nao mfukoni, si kwa dashibodi, mfukoni. Kikopo changu nimekifunga na kamba ya katani niliyosokota mwenyewe. Katani haipitishi umeme. Hiyo pia nilikuwa najua tangu zamani.

Baba yako,
Nzuki